Masizi Ndani ya Uzi wa Kinga

Wahenga walisema: mdharau mwiba, mguu huota tende. Methali hiyo hutumika kumwonya mtu anayepuuza hatari ndogo. Hata hivyo, ina upande wa pili usiokumbukwa mara nyingi. Ikiwa kitu kidogo kinaweza kumwangusha mtu mzima, basi kitu kidogo chaweza pia kumsimamisha. Makala haya yanahusu kitu kidogo cha namna hiyo: chembe ya kaboni isiyoonekana kwa macho, inayotiwa ndani ya uzi ambao nao hauonekani kwa macho, ili uzi huo usikatike pale ambapo maisha ya mtu yameutegemea.

Katika mtaa wa Mutakura, ulioko kaskazini ya jiji la Bujumbura katika eneo la Cibitoke, mtu hahitaji kuingia katika maabara ili aanze kulielewa jambo hili. Asubuhi yoyote ya kiangazi, fundi cherehani huuvuta uzi kwa vidole viwili kabla ya kuupitisha katika tundu la sindano. Ukikatika upesi, huutupa, kwa kuwa ajua shati litakaloshonwa kwa uzi huo litamletea aibu. Barabarani, mwendesha baiskeli hukaza mzigo wake wa ndizi kwa ukanda uliokatwa katika mpira wa gari kuukuu. Ukanda huo huvutwa kutwa, huchomwa na jua, hunyeshewa na mvua, nao haukatiki. Na uani, sufuria imeinjikwa juu ya mkaa, kitako chake kikiwa cheusi kwa masizi.

Uzi, mpira na masizi: ndiyo vitu vitatu vya habari yetu. Wataalamu wa leo wanajaribu kuufanyia uzi mwembamba kuliko nyuzi zote jambo lile lile ambalo masizi yaliufanyia mpira wa tairi zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Askari na polisi wana sababu ya pekee ya kulifahamu jambo hili, maana uzi huo hukaa katika kichujio cha barakoa kinachomkinga mtu na moshi, na katika kichujio cha hewa cha injini. Askari wa Burundi waliotumwa kulinda amani nchini Somalia kuanzia Desemba 2007 wanajua vumbi linaweza kufanya nini kwa pafu la mtu na kwa injini ya gari.

UZI UNAOSOKOTWA KWA UMEME

Unyuzi mmoja wa pamba, kama ile inayolimwa katika uwanda wa Imbo, una upana wa kati ya mikromita 10 na 20. Mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Uzi tunaouzungumzia hapa huwa na upana wa nanomita mia chache tu, na nanomita ni sehemu moja ya elfu ya mikromita. Ukichukua unyuzi wa pamba wa mikromita 15, itakubidi upange bega kwa bega nyuzi 75 za nanomita 200 ili zifikie upana wake. Ndiyo sababu huitwa nyuzi-nano.

Hesabu nyingine itamsaidia msomaji kuona ajabu yake. Gramu moja ya plastiki ya kawaida, ikivutwa yote kuwa uzi wa nanomita 200, hutoa uzi wenye urefu unaozidi kilomita 26,000, yaani zaidi ya nusu ya mzunguko wa dunia. Na eneo la ngozi ya uzi huo wote ni kama mita za mraba 16, sawa na sakafu ya chumba kikubwa cha kulala. Eneo hilo kubwa ndani ya uzito mdogo ndilo linaloufanya uzi huo uwe mtego mzuri wa vumbi, moshi na vijidudu.

Uzi wa namna hiyo hausokotwi kwa pia wala kwa mashine ya kiwandani iliyozoeleka. Husokotwa kwa umeme. Kwanza polima huyeyushwa katika kiyeyusho. Polima ni maada iliyojengwa kwa minyororo mirefu ya molekuli, kama nailoni na plastiki nyinginezo. Uji huo hutiwa katika bomba la sindano na kusukumwa polepole mno. Ncha ya sindano huunganishwa na umeme wa volti kati ya 10,000 na 30,000, na mbele yake, kwa umbali wa sentimita kumi hadi ishirini, huwekwa bamba la chuma au pipa linalozunguka. Umeme huo ni wa msukumo mkubwa lakini mkondo wake ni mdogo sana.

Tone linaloning'inia kwenye ncha ya sindano huvutwa na umeme hadi likachongoka kama pia. Mwaka 1964 mwanasayansi wa Uingereza, Geoffrey Taylor, alieleza kwa hesabu umbo hilo, nalo likapewa jina lake. Nguvu ya umeme inapoushinda mvuto unaolishikilia tone, mchirizi mwembamba huchomoka kutoka katika kilele. Mchirizi huo hauendi moja kwa moja. Hupigapiga hewani kama mjeledi, hurefuka, hukonda, na kiyeyusho hukauka njiani. Kinachofika kwenye bamba ni uzi mkavu, unaojilaza juu ya uzi mwenzake hadi ukafanyika utando mweupe, laini kuliko wa buibui.

ULIVYOINGIA JESHINI

Maarifa haya si mapya. Mmarekani John Cooley alipata hataza ya njia ya namna hii mwaka 1902, na Mjerumani Anton Formhals akapata ya kwake mwaka 1934. Lakini waliouona umuhimu wake kwa askari ni Warusi. Mwaka 1938, katika Taasisi ya Karpov mjini Moscow, Rozenblum na Petryanov-Sokolov walisokota kwa umeme nyuzi nyembamba za kuchujia moshi. Mwaka uliofuata kiwanda kilianzishwa katika mji wa Tver kutengeneza vichujio vya barakoa za kijeshi.

Haja ilikuwa dhahiri. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, Wajerumani waliachilia gesi ya klorini juu ya mahandaki ya adui zao. Tangu siku hiyo kila jeshi lilijua kwamba askari anaweza kuuawa na hewa anayovuta. Makaa yaliyotayarishwa kwa namna maalumu yaliweza kuinasa gesi, lakini hayakutosha kuuzuia moshi wa sumu, kwa sababu moshi ni chembechembe zinazopita kati ya vipande vya makaa. Hapo ndipo uzi mwembamba ulipohitajika. Makaa hunasa gesi, uzi hunasa chembe; na mpaka leo barakoa kamili ya kijeshi huwa na walinzi hao wawili, mmoja nyuma ya mwenzake.

Kitambaa cha Petryanov kilifanya kazi nyingine kubwa baada ya ajali ya kituo cha nyuklia cha Chernobyl, tarehe 26 Aprili 1986. Askari, wazima moto na wafanyakazi waliotumwa kusafisha mahali pale walivaa barakoa nyepesi nyeupe iliyoitwa Lepestok, yaani petali ya ua. Ndani yake mlikuwa na utando wa nyuzi zilizosokotwa kwa umeme, ili vumbi lenye mionzi lisiingie mapafuni.

UDHAIFU WAKE

Hata hivyo, uzi huo una kasoro moja kubwa: ni dhaifu. Utando wake hupasuka kwa kucha. Minyororo ya polima ndani ya uzi hukauka kabla haijapata muda wa kujinyoosha na kujipanga sawasawa. Tena nyuzi zenyewe hulala ovyo ovyo, nyingi zikiwa zimegusana tu bila kushikamana. Ukiuvuta utando, ni nyuzi chache tu zinazobeba mzigo. Nyingine hukaa kama watu wanaoshika kamba bila kuivuta.

Kwa sababu hiyo, utando huo kwa kawaida hubandikwa juu ya kitambaa kigumu zaidi ili ukitegemee. Hivyo ndivyo vilivyotengenezwa, tangu miaka ya 1980, vichujio vya hewa vya injini vyenye nyuzi-nano. Lakini barakoa hukunjwa, hubanwa ndani ya mkoba, hupata jasho na mtikisiko. Utando ukipasuka ndani, mvaaji haoni kitu. Anavuta pumzi kwa raha, tena kwa urahisi zaidi kuliko jana, kumbe hewa inapita katika ufa. Hapo ndipo ulipo uzito wa suala hili. Kinga iliyopasuka bila kuonekana ni mbaya kuliko kutokuwa na kinga, kwa sababu humtia mtu ujasiri wa uongo.

FUNDISHO LA TAIRI

Tuurudie ukanda wa mwendesha baiskeli wa Mutakura. Mpira wa asili, kama unavyotoka katika utomvu wa mti, si mweusi, na tairi za mwanzo hazikuwa nyeusi. Zilichakaa upesi. Katika miaka ya 1910 watengenezaji wa tairi walianza kuchanganya mpira na masizi safi ya kiwandani, na uimara wake ukaongezeka mno. Hadi leo karibu robo ya uzito wa mpira wa tairi ni masizi hayo. Chembe zake ni ndogo sana, nyingi zikiwa na upana wa makumi ya nanomita tu. Kwa hiyo mwendesha baiskeli amekuwa akitumia kaboni ya kiwango cha nano kabla neno hilo halijatungwa.

Kaboni ni ndugu wa nyumbani. Ndiyo iliyo katika mkaa, katika masizi ya sufuria, katika risasi ya penseli na katika almasi. Kinachotofautisha ndugu hao ni jinsi atomi zilivyopangwa. Mwaka 1991 Mjapani Sumio Iijima alieleza umbo la kaboni lililovuta macho ya ulimwengu: mirija iliyoviringwa kwa atomi za kaboni, yenye upana wa nanomita moja hadi makumi kadhaa. Mwaka 2000 wataalamu nchini Marekani waliivuta mirija hiyo mmoja mmoja hadi ikakatika, wakapata uimara wa kati ya gigapaskali 11 na 63. Chuma cha nondo za kawaida za ujenzi hukatika kabla ya kufika gigapaskali moja. Kisha, mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester walitenga utando wa kaboni wenye unene wa atomi moja kwa kubandua grafiti, maada ile ile ya penseli, kwa karatasi ya gundi. Utando huo huitwa grafini, nao uliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2010.

Basi wazo likaja lenyewe. Ikiwa masizi yaliimarisha mpira, je, mirija hii na grafini, vilivyo na nguvu kupita chuma, havitaimarisha uzi dhaifu unaosokotwa kwa umeme?

SHARTI TATU

Jibu ni ndiyo, lakini kwa masharti. Na masharti hayo askari atayaelewa upesi kuliko raia, kwa kuwa yanafanana sana na mafunzo ya kikosi.

Sharti la kwanza ni kutawanyika. Kila aliyefundishwa doria anaijua amri ya kutosongamana, maana kikosi kinachotembea kwa kubanana hupatwa chote na bomu moja. Mirija ya kaboni ina tabia hiyo mbaya ya kusongamana. Huvutana yenyewe kwa yenyewe na kufanya mabonge. Bonge likiingia ndani ya uzi, halileti nguvu, bali huwa kama jiwe ndani ya chapati: uzi hukatikia hapo hapo. Wataalamu huyavunja mabonge kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio la mtu, au kwa kutia kemikali za jamii ya sabuni. Lakini mawimbi yakizidi muda, mirija yenyewe huvunjika ikawa mifupi.

Sharti la pili ni kujipanga. Askari mia waliosimama kila mmoja akitazama upande wake si gwaride. Vivyo hivyo, mrija uliolala kwa kukingama ndani ya uzi haubebi mzigo. Kwa bahati njema, mchirizi unaporefuka hewani huilazimisha mirija igeuke na kuufuata mwelekeo wa uzi, kama magogo yanavyoufuata mkondo wa mto. Na pipa linalozunguka kwa kasi likitumika badala ya bamba, nyuzi zenyewe hulala sambamba. Utando unaotoka hapo huwa na nguvu zaidi upande ule mmoja, ingawa hubaki dhaifu upande wa pili.

Sharti la tatu ni kushikana. Nondo iliyopakwa mafuta haifai ndani ya zege. Jengo likitikisika, nondo huchomoka. Mrija wa kaboni una ngozi laini sana, na polima haina mahali pa kuushika. Kwa hiyo mirija huoshwa kwa tindikali kali ili ipate vishikizo vya oksijeni juu ya ngozi yake. Grafini nayo hutumika mara nyingi ikiwa imeunganishwa na oksijeni, kwani hapo huchanganyika vizuri na maji na kuishika polima kwa uthabiti. Lakini hakuna cha bure. Tindikali hutoboa ngozi ya mrija, na grafini yenye oksijeni ni dhaifu kuliko grafini tupu. Fundi hana budi kupima: apunguze nguvu kiasi gani ili apate mshiko kiasi gani.

KIASI NI CHUMVI

Masharti hayo yakitimizwa, kiasi kidogo hutosha. Katika majaribio mengi kaboni haizidi gramu tano katika kila gramu mia za uzi, na mara nyingi gramu moja hutoa tofauti inayopimika. Ukizidisha, mambo hugeuka. Uji wa polima huwa mzito, mchirizi hutoka kwa kusitasita, uzi hupata vifundo kama shanga, na mabonge hurudi. Nguvu iliyokuwa ikipanda huanza kushuka. Kaboni ndani ya uzi ni kama chumvi ndani ya mchuzi.

Inafaa pia kutofautisha mambo mawili yanayochanganywa na wengi. Ukakamavu ni kukataa kunyooka. Ushupavu ni kupokea pigo bila kuvunjika. Kioo kina ukakamavu bila ushupavu. Kaboni mara nyingi huuongezea uzi ukakamavu na uimara, lakini huweza kupunguza uwezo wake wa kunyumbuka. Kwa kichujio, hilo si tatizo kubwa. Kwa vazi la kuzuia risasi ni jambo la kufa na kupona, maana kazi ya vazi hilo ni kuimeza nguvu ya risasi kwa kunyooka na kuisambaza.

Kwa hiyo lazima isemwe wazi. Fulana za kuzuia risasi zinazoaminika leo hazitegemei nyuzi-nano za umeme. Zinategemea nyuzi nene zaidi, kama Kevlar, iliyovumbuliwa na mtaalamu Stephanie Kwolek wa kampuni ya DuPont mwaka 1965, au polithini ya minyororo mirefu mno, pamoja na mabamba ya kauri au chuma mbele yake pale risasi za bunduki zinapotazamiwa. Nyuzi-nano zenye kaboni bado zinatafuta nafasi yake. Zinatazamiwa zaidi katika vichujio, na pia katika vitambuzi, kwa sababu kaboni ikitosha hupitisha umeme, na uzi unaopitisha umeme unaweza kutoa habari unapovutwa au unapoguswa na gesi.

ONYO LA ZYLON

Historia ya karibuni inaonyesha kwa nini tahadhari inahitajika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 polisi wengi wa Marekani walianza kupewa fulana za uzi mpya ulioitwa Zylon. Katika maabara uzi huo uliishinda Kevlar kwa mbali. Fulana zikawa nyepesi, na wavaaji wakafurahi. Mwaka 2003, katika jimbo la Pennsylvania, polisi mmoja alipigwa risasi ambayo fulana yake ilitakiwa kuizuia. Ikapenya na kumjeruhi vibaya. Uchunguzi ulionyesha kuwa uzi wa Zylon huoza polepole kwa unyevu na joto. Mwaka 2005 taasisi ya serikali ya Marekani inayosimamia viwango vya fulana hizo iliondoa idhini kwa zile zenye Zylon.

Unyevu na joto: ni hali ya hewa ya nani hiyo, kama si ya mji uliolala kando ya Ziwa Tanganyika? Nguvu inayopimwa siku ya kwanza si nguvu itakayokuwapo baada ya miaka mitano ya jasho. Kwa hiyo kila mara mfanyabiashara anapokuja na kitambaa chenye jina la nano akidai kinashinda chuma, maswali ya kumwuliza ni haya. Kimepimwa na nani? Kwa kiwango gani? Na kimepimwa kikiwa kipya tu, au pia baada ya kulowa, kukunjwa na kuanikwa juani?

Kuna onyo la pili, nalo linawahusu watengenezaji kuliko wavaaji. Mirija mirefu na migumu ya kaboni, ikivutwa kwa pumzi, inaweza kudhuru. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba katika panya mirija ya namna hiyo ilileta madhara yanayofanana na ya asbesto. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitaja aina moja ya mirija hiyo kuwa huenda inaleta saratani kwa binadamu. Ikiwa imefungwa ndani ya uzi, hatari yake ni ndogo. Lakini kichujio kinachovuliwa nyuzi zake mbele ya pua ya mtu si mahali pa kubahatisha. Kinga haifai kugeuka kuwa adui.

NASI TUKO WAPI?

Huenda msomaji akauliza: mambo haya ya maabara za mbali yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu malighafi na maarifa yake hayako mbali kama tunavyodhani. Grafiti, ambayo ndiyo mama wa grafini, imo katika ardhi ya Tanzania, huko Mahenge, Ruangwa na Merelani. Katika mji wa Eldoret nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Moi hufundisha uhandisi wa nguo. Katika mji wa Arusha, Dakta Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia alitengeneza kichujio cha maji kinachotumia mchanga pamoja na maada za nano, na mwaka 2015 akawa mtu wa kwanza kupata Tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Hakungoja kiwanda kikubwa. Alianza na shida ya maji machafu ya kijijini.

Bujumbura nayo ina historia yake ya uzi. Pamba ya Imbo ilisokotwa na kufumwa katika kiwanda cha COTEBU, kilichojengwa kwa msaada wa China, na wakazi wengi wa mitaa ya kaskazini walikijua vizuri kabla hakijafungwa na baadaye kufufuliwa kwa jina la Afritextile. Mikono iliyozoea kusikiliza mlio wa mashine ya kusokota na kutambua uzi mbovu kwa kugusa ni mtaji, hata uzi ukiwa umebadilika.

Mtambo wa kusokotea kwa umeme wenyewe si wa kutisha: pampu ndogo, chanzo cha umeme wa volti nyingi, sindano na bamba. Kilicho ghali ni kupima. Bila hadubini ya elektroni haujulikani upana wa uzi, wala kama kaboni imetawanyika au imesongamana. Bila mashine ya kuvuta uzi haijulikani nguvu yake. Nchi isiyo na vipimo hulazimika kuamini maneno ya muuzaji. Hilo ni neno la kutafakari kwa kila anayehusika na kuwanunulia askari vifaa, na kwa vijana wa Mutakura walio shuleni ambao siku moja watahitajika kuvisoma vipimo hivyo.

WAJIBU WA MVAAJI

Wakati wataalamu wakiendelea na kazi yao, askari na polisi hawana haja ya kungoja. Mambo machache yako mikononi mwao leo.

Kichujio cha barakoa kisioshwe kwa sabuni wala kwa spiriti, kwa sababu vichujio vingi hubeba chaji ya umeme inayovuta vumbi, na kuosha huiondoa. Kisikunjwe wala kukaliwa. Kibaki ndani ya kifuniko chake hadi siku ya kazi, na tarehe yake iheshimiwe. Ikiwa kupumua kumekuwa rahisi ghafla kupita kawaida, hiyo si habari njema, barakoa ikaguliwe. Fulana ya kuzuia risasi isianikwe juani, isifuliwe kwa dawa ya kung'arisha nguo, wala isiachwe ndani ya gari lililofungwa mchana kutwa. Iliyopigwa risasi mara moja itolewe kazini, hata kama kwa nje yaonekana nzima.

Fundi cherehani wa Mutakura huujaribu uzi kabla ya kushona, ingawa kazi yake ikiharibika hasara ni shati tu. Anayebeba uhai wa mwenzake katika kitambaa ana sababu kubwa zaidi ya kuujaribu. Nguvu ya kaboni haimo katika jina lake wala katika wingi wake. Imo katika kutawanyika ipasavyo, kujipanga upande mmoja, na kushikana na uzi unaoibeba. Kikosi chochote kilichowahi kurudi salama kambini kinalijua fundisho hilo, hata kama hakijawahi kusikia habari za mirija ya kaboni.